Kuweka na Kuongeza

Jumatatu, 13 Aprili

Boti la Ukerewe. Mifuko mia mbili na arobaini ya saruji. Yangu sitini. Nimemaliza saa nane mchana. Bega la kulia limevimba tena. Nikinyanyua mkono nasikia kama kuna changarawe ndani.

Nimepita duka la dawa Mirongo. Wamenipa vidonge na dawa ya kuchua. Muuzaji kaniambia nipumzike wiki mbili. Nikamuuliza nani atabeba. Alidhani natania.

Tumebaki wanne ghalani. Masanja, Msukuma, ndiye kiongozi wetu. Asubuhi yeye ndiye anayemwambia bosi nani aingie na nani arudi. Rweyemamu ni Mhaya wa Muleba. Alimaliza kidato cha nne, na haipiti siku hajatukumbusha. Mzee Bwire, Mjita, alibeba mizigo Kigongo zaidi ya miaka ishirini, enzi watu wanasubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa magari yakawa yanapita moja kwa moja. Mizigo ikaisha. Akaja kwetu. Ana miaka hamsini na nane na anabeba sitini kama sisi. Polepole, lakini sitini.

Na mimi, Saidi wa Tunduru. Mwaka wa tatu sijafika kwetu.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua toka alfajiri. Saruji haipakiwi kwenye mvua. Boti likisubiri, sisi hatulipwi. Tumecheza poka juu ya mifuko mpaka saa tisa.

Hatuchezi hela. Tunacheza mifuko. Njiti moja ya kiberiti ni mfuko mmoja. Nikishinda njiti tano za Rweyemamu, siku ya boti anabeba sitini yake na mitano ya kwangu. Mimi nabeba hamsini na mitano. Akipita mlangoni na mfuko wangu anamwambia Dada Neema wa stoo, "Wa Saidi." Neema anachora kistari kwenye mstari wangu. Jioni nalipwa kwa mfuko ambao shingo yangu haikuuona.

Kuna mtu mwaka jana alikimbia na deni la mifuko sabini. Toka hapo Masanja akaweka sheria, deni lilipwe kidogokidogo, mtu asibebe zaidi ya mifuko kumi na mitano ya deni kwa siku.

Njiti zilizo katikati, za wote, tunaziita chungu. Na chungu kina sheria zake. Huwezi kuongeza zaidi ya chungu kilivyo. Zamani Masanja alikuwa anaweka njiti mia kwa karata za ovyo na sote tunatupa. Na chungu kikishavunjwa hakihesabiwi tena. Mshindi akishazoa, imekwisha. Hata kama hesabu ilikuwa mbovu.

Ugomvi umebaki mmoja. Chungu kilivyo, ni kipi? Leo nusura Masanja na Rweyemamu wakunjane mashati.

Jumatano, 15 Aprili

Jua. Sitini. Vidonge viwili asubuhi, viwili mchana.

Wakati wa kula tumegombana tena juu ya chungu. Naandika hapa ili nione mwenyewe kama nina akili.

Tuseme katikati kuna njiti nne. Mzee anaweka nne. Zamu yangu, nataka kuongeza mpaka mwisho. Masanja anahesabu anachokiona. Nne na nne, nane. Nalipa nne za Mzee, naongeza nane. Kutoka mkononi mwangu zimetoka kumi na mbili.

Kwetu machimboni, nilikojifunzia mchezo huu, unalipa kwanza. Nne zangu zikishaingia, chungu kimekuwa kumi na mbili. Ndipo naongeza kumi na mbili. Kutoka mkononi zimetoka kumi na sita.

Masanja anasema huo ni wizi wa kusini. Nikamwambia hela ikishaingia chunguni si yako tena, kwa nini isihesabiwe? Akasema nimejua maneno mengi kwa mtu aliyeishia darasa la sita. Kweli niliishia la sita. Baba alifariki mwezi wa tano, mwezi wa saba nikawa shimoni.

Mzee Bwire alikuwa anakula mihogo yake. Yeye hana upande. Alisema Kigongo walikuwa wanacheza kwa macho tu, na mwenye sauti kubwa ndiye mwenye hesabu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Rweyemamu kaja na dawa. Ameipata kwenye simu. Hakuna haja ya kubishana, anasema. Chukua alichoweka mtu wa mwisho, zidisha mara tatu, jumlisha kilichokuwepo kabla yake, ndicho mtu anachoweka. Basi.

"Mala tatu?" Masanja kauliza.

"Mara, kaka. Mara."

"Nshomile, msomi wetu, wewe hesabu. Mdomo niachie mimi."

Mzee Bwire alicheka mpaka akakohoa. Mfuko aliokalia ulitoa vumbi.

Tukaijaribu kwa zile nne za jana. Mara tatu ya nne, kumi na mbili. Jumlisha nne. Kumi na sita. Sawasawa na ya kwetu Tunduru. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Masanja alitazama njiti muda mrefu, kisha akakubali. Alisema hata hivyo yeye ataendelea kuona ni wizi, ila sasa ni wizi wa wote.

Simu ya Rweyemamu inazima kila saa. Wakaniambia niandike kwenye daftari langu. Wakaniambia pia mimi ndiye mhesabu wa chungu kuanzia leo. Nimeandika hivi:

Mara tatu ya aliyeweka mwisho, jumlisha kilichokuwepo kabla yake. Ndicho anachoongeza.

Nikamsomea Mzee mara mbili. Akasema hajashika kitu. "Nyie mniambie tu ni ngapi."

Ijumaa, 17 Aprili

Boti. Sitini. Kwenye mfuko wa hamsini na kitu nimesimama katikati ya ubao wa kupandia botini, mkono haukushika. Rweyemamu alikuwa nyuma yangu akausukuma kwa kichwa.

Ujumbe kutoka nyumbani. Mama Zaituni, mke wangu, anauliza nitarudi lini. Sijajibu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeshinda mifuko hamsini na saba.

Mvua ilianza saa tatu. Tulikaa palepale, karibu na mlango ili tuione ikikatika. Kila mtu aliweka njiti moja. Chungu nne. Masanja akaweka mbili, nikafuata, Mzee akafuata. Rweyemamu akatupa karata, akaenda kusimama mlangoni kutazama ziwa. Chungu kumi.

Tukabadilisha karata. Mimi nilikuwa na kwini mbili na saba mbili. Nikaomba moja. Ikaja kwini. Kwini tatu, saba mbili. Karata kama hizo sijawahi kushika tangu nije Mwanza. Nilihisi meno yanauma.

Masanja akapita. Nikapita makusudi. Mzee Bwire akaweka kumi, zote alizoruhusiwa. Hakuwahi kuweka hivyo. Masanja akatupa.

Nikafungua daftari. Mara tatu ya kumi, thelathini. Jumlisha kumi, arobaini. Nikasema nafuata kumi na naongeza arobaini. Nikazisukuma zote, hamsini.

Mzee alizitazama. Kidole chake kikazigusa kama mtu anayepima chumvi.

"Saidi, ni arobaini kweli?"

"Arobaini, Mzee wangu. Iko kwenye daftari."

Masanja akasema kwa hesabu yake ya macho ingekuwa ishirini tu, lakini tulishakubaliana. Mzee akafuata. Alikuwa na jeki tatu. Mtu mwenye jeki tatu lazima afuate, sikumlaumu. Nilipolaza kwini akasema tu, "Ahaa." Akaanza kunisaidia kuzoa njiti.

Tatu za Masanja. Moja ya Rweyemamu. Hamsini na tatu za Mzee.

Saa kumi jioni. Naandika tena. Mvua imekatika, wenzangu wameondoka, mimi nimebaki kupaka dawa ya bega. Daftari lilikuwa wazi. Nikajaribu ile hesabu kwa njia ya kwetu, kwa kujifurahisha. Kumi za chungu, kumi za Mzee, kumi zangu za kulipa. Thelathini. Naongeza thelathini. Kutoka mkononi mwangu zitoke arobaini.

Mimi nilitoa hamsini.

Nimerudia mara nne. Nikachukua njiti zenyewe nikazipanga kwenye sakafu. Ni thelathini. Kisha nikarudi kwenye zile nne za Alhamisi. Kumi na sita ilikuwa yote ninayotoa, pamoja na ya kumlipa Mzee. Ndicho mtu anachoweka. Sicho anachoongeza juu ya kulipa. Rweyemamu alisema anachoweka. Namsikia kabisa. Mimi nikaandika anachoongeza.

Ghalani hapa weka na ongeza tunasema kama kitu kimoja. Weka njiti, ongeza njiti. Lakini Mzee anadaiwa hamsini na tatu na alipaswa kudaiwa arobaini na tatu. Neno moja, mifuko kumi.

Jumapili, 19 Aprili

Sijamwambia mtu.

Sababu zangu naziandika zote. Chungu kikishavunjwa hakihesabiwi tena, na sheria hiyo si yangu. Mzee angefuata hata kwa thelathini, na angeshindwa vilevile. Muuzaji wa dawa alisema wiki mbili. Bega likifa nitakula nini, na Mama Zaituni atakula nini. Na nikisema, Masanja atanivua uhesabu, atasema alijua toka mwanzo kwamba ni wizi wa kusini.

Sababu ni nzuri zote. Nimezisoma tena nikajisikia mchafu.

Jumatatu, 20 Aprili

Boti. Nilimwamkia Mzee Bwire shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Akakunja ngata yake ya kitambaa, akaweka begani.

Alibeba sitini yake na kumi na mitano ya kwangu. Mimi nikabeba arobaini na mmoja tu, kwa kuwa na wengine walilipa. Nilikaa kivulini nikawatazama wanaendelea.

Wa Saidi. Wa Saidi. Mara kumi na tano. Anasema kwa heshima, kama mtu anayetoa salamu. Neema akaniuliza nimempa nini Mzee. Nikasema ni karata. Akasema mngekuwa watoto wangu ningewachapa.

Bado thelathini na minane. Kwa haki, bado ishirini na minane.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Hatukupakia. Wakacheza, mimi nikasema kichwa kinaniuma. Masanja akacheka. "Ameshiba huyo bhabha. Mwacheni acheue." Mzee akamwambia aniache, mtu akishinda ana haki ya kupumzika.

Ningependa awe mtu mbaya. Anipige hata kibao kwa kosa jingine. Anagawa mihogo yake na mimi.

Nilifuta lile neno kwenye daftari nikaandika anachoweka. Kisha nikaona nimeharibu ushahidi. Nikafuta tena. Sasa kuna tundu kwenye karatasi.

Jumatano, 22 Aprili

Boti. Mzee kumi na mitano. Jumla thelathini.

Amekuwa akitembea amepinda upande wa kushoto. Katikati ya mifuko anakaa chini, anaweka viganja kwenye magoti, anahema kwa mdomo. Rweyemamu akamwambia apumzike, deni la karata halina riba. Mzee akamjibu kwamba deni halilali njaa, lazima lile mtu, bora limle akiwa macho. Rweyemamu akasema Wajita wana methali za kujichimbia kaburi.

Mimi bega linapoa. Asubuhi nilinyanyua mkono mpaka juu ya kichwa. Ninaandika hili kwa aibu. Nilifurahi.

Kesho anafika arobaini na tatu. Nimeamua. Akifika arobaini na tatu nitamwambia basi, Mzee, imetosha, mingine nimekusamehe. Sitasema kosa. Nitasema nimesamehe. Atanishukuru, na hakuna atakayejua.

Alhamisi, 23 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ya alfajiri ilikatika saa mbili. Bosi akataka boti liondoke kabla ya saa saba. Ubao ulikuwa umelowa. Tulimwaga mchanga lakini ulikuwa kidogo.

Mzee alimaliza sitini yake kwanza. Saa tano na nusu akaanza ya kwangu. Nilikuwa nimemaliza, nimekaa karibu na Neema. Nilihesabu kimoyomoyo. Thelathini na moja, thelathini na mbili. Arobaini. Arobaini na mbili.

Arobaini na tatu. Akasema, "Wa Saidi," akapita. Akarudi mikono mitupu. Nikasimama. Hapo ndipo nilikuwa niseme.

Masanja alikuwa amesimama pale mlangoni na Rweyemamu. Nikafikiri wataniuliza kwa nini nasamehe. Mtu hasamehi mifuko kumi hivihivi. Nikafikiri niseme Mzee akiwa peke yake. Nikakaa.

Arobaini na nne. Alipopita akanitania. "Saidi, mifuko yako wanatia mawe?" Nikacheka. Nilicheka kweli, sauti ilitoka.

Arobaini na tano. Wa Saidi. Neema akachora. Nilimtazama Mzee kwa nyuma mpaka hatua ya kumi hivi ya ubao. Mguu wa kushoto ukaenda peke yake. Hakupiga kelele. Alianguka kati ya ubao na boti, na mfuko ukamfuata ukampiga nyongani. Ukapasuka. Maji yote pale yakawa ya kijivu.

Mimi na Masanja tulishuka. Maji yalifika kiunoni. Alikuwa macho. Alikuwa anatafuta ngata yake.

Tulimbeba kwa turubai mpaka barabarani, Rweyemamu akasimamisha bajaji. Boti liliondoka saa saba na robo. Masanja alimalizia mifuko iliyobaki.

Jioni Neema alinilipa. Kile kistari cha arobaini na tano kipo. Niliuliza kama unahesabiwa mfuko uliozama. Akasema ulitoka mlangoni, umehesabiwa.

Ijumaa, 24 Aprili

Nyonga imevunjika. Hospitali wanasema miezi, na kubeba tena hakuna. Bosi ametoa nauli ya bajaji na pole. Amesema kibarua ni kibarua. Tumechanga sisi.

Nimewaambia wenzangu. Nilitoa daftari nikawaonyesha palipo na tundu, nikapanga njiti.

Rweyemamu alielewa kabla sijamaliza. "Nilisema anachoweka."

"Ndiyo."

"Nilisema hivyo, Saidi. Na wewe ukaandika nini?"

Nikamwambia. Akatoka nje.

Masanja alibaki akizitazama njiti. Nilidhani atanipiga. Akasema chungu kikishavunjwa hakihesabiwi. Akasema mtu kaanguka kwa utelezi, hakuanguka kwa kalata. Halafu akaniambia nisirudie kusema jambo hili, kwa sababu sheria ya kumi na mitano ni yake, na watu watauliza nani alimruhusu mzee kubeba mifuko sabini na mitano kwa siku.

Nilitaka mtu anihukumu. Masanja anataka nikae kimya. Nilikuwa kimya siku tano bila kuombwa.

Jumapili, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Bendera barabarani, baiskeli zimefungwa vitambaa.

Nilikwenda hospitali. Mzee alikuwa amelala, mguu umefungwa uzito wa kuvuta. Dada yake, Mama Nyangeta, anaishi Misungwi, amekuja kumuuguza. Alinishukuru kwa kuja. Aliambiwa mimi ndiye niliyemtoa majini. Akanipa chai.

Sikusema. Nilikunywa chai.

Jumatano, 29 Aprili

Mia mbili na arobaini, na tuko watatu. Themanini kila mtu. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 2 Mei

Wamemtoa hospitali. Hawawezi kulipia kitanda zaidi. Yuko kwa dada yake. Nimemuuliza Neema njia ya kufika. Kesho nakwenda.

Jumapili, 3 Mei

Misungwi. Nyumba ya tofali za kuchoma, nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Mzee amewekwa chumba cha mbele, kitanda kimeinuliwa kwa matofali upande mmoja. Amekonda uso. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema nisogeze kigoda.

Mama Nyangeta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikaomba tuongee wawili. Akaacha ungo pale, akaenda uani.

Nilimwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Alinisikiliza akitazama mabati. Nilipofika kwenye weka na ongeza akainua mkono.

"Sijashika. Nionyeshe."

Nikachukua maharage. Nikayapanga kwenye blanketi, juu ya mguu wake mzima. Kumi za chungu. Kumi zake. Kumi zangu za kulipa, na thelathini juu yake. Nikasema hivi ndivyo ilipaswa kuwa. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, moja moja, midomo ikitembea. Ilichukua muda. Mashine ya mpunga ilikuwa inapiga kelele nje, hata hivyo ningeweza kusikia kila punje.

"Na siku ile?"

Nikaongeza kumi. Alizichukua hizo kumi akaziweka kiganjani.

"Mimi nilianguka na wa ngapi?"

"Arobaini na tano."

Akatoa punje mbili kwenye zile kumi, akazitenga. Alikuwa ameshika. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameshika hesabu yote, kuliko hata Masanja.

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo nililokuwa naogopa. Nilikuwa nimepanga kusema baada ya ajali. Njiani kote toka Mwanza nilikuwa nimepanga hivyo.

"Siku ileile, Mzee. Jumamosi. Saa kumi."

Akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Jumamosi." Akahesabu siku kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vingine. Jumapili. Jumatatu. Mpaka Alhamisi.

"Na mihogo yangu ulikuwa unakula."

Akarudisha maharage yote kwenye ungo, mengine yakaanguka sakafuni. Niliinama kuokota. Akaniambia niache.

"Nenda, Saidi. Usirudi hapa."

Nikatoka. Mama Nyangeta alikuwa anakuja na uji wa watu wawili. Akaniuliza mbona naondoka mapema. Nikasema nawahi gari.

Nilisimama barabarani karibu saa nzima. Magari yalipita, sikupunga mkono.

Jumatano, 6 Mei

Jumatatu nilituma kwa simu ya Mama Nyangeta malipo yangu ya siku zile tatu, yote ya mifuko arobaini na mitano, na nauli yangu ya kwenda kwetu iliyokuwa imebaki. Amejibu neno moja. Imefika. Sijui kama Mzee anajua. Mama Zaituni nimemwambia mwaka huu siji.

Amekuja mtu mpya, kijana wa Geita, mabega mapana. Ana heshima. Leo mvua ilinyesha saa tano, wakakaa palepale karibu na mlango. Aliniuliza hapa chungu mnakihesabuje. Nikamwambia amuulize Masanja.

Masanja anahesabu kwa macho sasa. Rweyemamu habishani naye tena.

Mimi nilikaa nje chini ya bati. Ziwa lilikuwa jeupe, visiwa havionekani. Boti lilikuwa linagongagonga gati. Mvua ilipokatika nikachukua ufagio, nikaenda kufagia maji kwenye ubao. Kisha nikamwaga mchanga. Ndoo nne. Nikarudi kuchukua ya tano.